Saa Mbili Daftari, Saa Tatu Machozi

Siku tatu za kwanza huwa tamu. Daftari jipya, penseli imechongwa kali, mtoto amekaa mkao wa kupigwa picha. Ikifika Jumatano ya wiki ya pili mambo yamegeuka: mtoto amelalia meza, mdogo wake anatafuna ufutio, maharage yanaungua jikoni, na mama ambaye jana alikuwa mama tu leo anatazamwa kwa jicho la kumwogopa mwalimu wa zamu. Hapo ndipo wazazi wengi wanaoanza kufundisha watoto nyumbani, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji hapa Kigoma, hujiambia kwamba kazi hii ina wenyewe.

Ina wenyewe, ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya adha za wiki hizo haitokani na kukosa cheti cha ualimu. Inatokana na kulibeba darasa la watoto sitini na kulishusha sebuleni kwa watoto wawili: vipindi vinane kwa siku, ubao, kusimama ndipo ujibu, kunakili, alama ya mkasi nyekundu. Darasa limepangwa hivyo kwa sababu watoto ni wengi na mwalimu ni mmoja. Nyumbani sababu hiyo haipo, ila taratibu zake tumezibeba zote.

Nimalize kwanza la sheria, maana likiachwa huja lenyewe kugonga mlango. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikia umri wa shule ya msingi aandikishwe na ahudhurie mpaka amalize, na mzazi anayepuuza anaweza kushtakiwa. Kwa hiyo mwenye nia ya kumfundisha mtoto nyumbani moja kwa moja aanzie kwa Afisa Elimu Kata, tena kabla ya kununua hata penseli, na akubaliane naye mtoto ataandikishwa wapi na mitihani atafanyia wapi. Mitihani ya Baraza la Mitihani ya darasa la nne na la saba hupitia kwenye shule iliyosajiliwa. Huko mbele, ngazi ya sekondari, kuna njia ya mtahiniwa wa kujitegemea: mtihani wa maarifa ambao wengi tunauita QT, kisha kidato cha nne. Kama mtoto wako bado hajafika umri wa shule, au anasoma shule nawe unamfundisha jioni na likizo, hayo hayakuhusu bado, ila yanayofuata yote yanakuhusu.

Saa ngapi, na lini

Kosa la kwanza ni saa. Mzazi anapanga kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana kwa sababu ndivyo shule zinavyofanya, bila kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya muda huo shuleni inaliwa na kuita majina, kunyamazisha, kugawa vitabu na kusahihisha madaftari sitini. Mtoto mmoja mbele ya mtu mzima mmoja hana foleni ya kusubiri. Kwa wa miaka 5 hadi 6, saa moja kwa siku inatosha, tena ikatwe vipande vya dakika 10 hadi 15. Wa miaka 7 hadi 9, saa moja na nusu mpaka mbili. Wa miaka 10 na kuendelea, saa tatu, na moja kati ya hizo asome mwenyewe. Ukiona mtoto wa miaka sita analia saa tatu na nusu, usitafute ukaidi. Somo lilikwisha saa tatu.

Pili ni wakati wenyewe, na hapa Kigoma ina yake. Nyumba inayoishi kwa dagaa, kama zile za Kibirizi au Katonga, haifuati kalenda ya ukutani. Inafuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa haivuti kitu, hivyo mitumbwi hupumzika. Siku za giza nyumba nzima inaamka alfajiri kupokea, kuanika na kugeuza dagaa. Kupanga somo saa mbili asubuhi siku hizo ni kupanga ugomvi. Zigawe hizo siku 29 au 30 za mwezi mwandamo sehemu mbili: siku kumi hivi zinazozunguka mwezi mpevu zibebe mambo mapya na mazito, na siku za giza zibaki za kurudia, nusu saa tu, saa kumi alasiri watu wakishapumzika. Mwanzoni inaonekana kama uzembe. Kwa kweli mtoto anayepata siku za kurudia bila kuongezewa kitu kipya hushika zaidi kuliko anayesukumwa kila siku.

Halafu kuna mvua. Kuanzia Novemba, ikishuka juu ya bati lisilo na dari hakuna anayemsikia mwenziwe, na kumfundisha mtoto sauti za herufi huku unapiga kelele ni kazi bure. Muda huo mpe kazi ya macho na mikono: kunakili, kuchora, kuhesabu vizibo.

Mtoto aliyetoka shule

Huyu anahitaji aya yake. Mtoto aliyesoma shule mwaka mmoja au miwili, kisha akaletwa nyumbani, wiki za kwanza huonekana hana moyo wa kusoma kabisa. Anaomba ruhusa kwenda chooni nyumbani kwao. Anafunika daftari kwa mkono. Ukimuuliza swali anatazama uso wako badala ya kutazama kitabu, anasoma hasira kabla ya kusoma neno. Mzazi akiona hivyo huongeza kazi, na hapo anaharibu.

Mpe wiki mbili hadi nne bila alama na bila mtihani. Msomee wewe, dakika 15 kila siku, hadithi au gazeti au hata maandishi ya kwenye mfuko wa unga. Mtume apime mchele, ahesabu chenji, aandike orodha ya sokoni kwa mwandiko wake mbovu. Ukisahihisha, weka vema kwenye yaliyo sawa na uyaache yaliyokosewa bila mkasi, kisha muulize: mangapi hayana vema? Ayatafute mwenyewe. Kuna wanaosema kila mwaka mmoja wa shule unahitaji mwezi mmoja wa kupoa. Mimi naona hesabu hiyo ni ya kukadiria tu. Alama ya kutazama ni siku atakapokubishia kuhusu jibu. Anayebisha hana woga tena.

Kusoma, palipo na machozi mengi

Kiswahili kina bahati: kinaandikwa kinavyosomwa, na irabu zake ni tano zisizobadilika. Mtoto akishika mwanzo vizuri anaruka haraka. Ila kuna mahali saba au nane ambapo karibu kila mtoto hukwama, na mzazi asiyepajua hudhani mtoto wake ni mzito.

La kwanza ni majina ya herufi. Ukimwambia hii ni "bii" na hii ni "a", kisha ukamwambia aunganishe, atasoma "bia". Kosa si lake, umemfundisha wewe. Mfundishe sauti tupu: b iliyokatwa midomoni, bila "ii" nyuma yake. Majina ya herufi yatakuja baadaye yenyewe.

La pili ni mpangilio. Watu hufuata alfabeti: ba, cha, da. Sauti hizo hukatika papo hapo, huwezi kuzivuta. Anza na zile unazoweza kuzivuta mpaka zikutane na irabu: mmmm-a, ssss-i, llll-a, nnnn-u. Irabu tano, kisha m, halafu s, l, n, moja kwa siku mbili au tatu. Kwa hizo nne tu tayari ana mama, mimi, sisi, lima, mali, simu, sana, nusu, maini, na anaweza kusoma sentensi nzima: mama ana simu. Siku anayosoma sentensi nzima ya kweli, hata ya maneno matatu, kilio kinapungua nusu. Kisha ongeza k, t, b, p na nyingine.

La tatu ni m inayosimama peke yake. Mtoto amezoea kwamba silabi ni konsonanti na irabu yake, sasa anakutana na mti, mtoto, mkate, na anasoma "muti, mutoto". Katika nyumba inayozungumza Kiha kosa hili lina mizizi zaidi, kwa sababu huko mtu ni umuntu, na hiyo u ipo kweli. Mtoto hajakosea kizembe, amevuka na lugha ya bibi yake. Mpigishe makofi: m-to-to, makofi matatu, na kofi la kwanza midomo imefungwa. Ndivyo ilivyo kwa nchi na nne, ambapo n nayo hujitegemea.

Ng na ng' zimewaliza wengi. Ng' ya ng'ombe inatoka puani yote. Ng ya ngoma ina g inayosikika nyuma yake. Mwambie abane pua kwa vidole viwili kisha aseme "ng'ang'ania": sauti itakwama. Aseme "nga": g itasikika japo pua imebanwa. Atacheka, na atakumbuka. Kile kikoma cha juu mwambie ni kidole kinachoelekeza puani.

L na r ni somo la ulimi kabla ya kuwa somo la kalamu. Kwenye l ulimi unagusa nyuma ya meno na kutulia, kwenye r unatetema. Mpe jozi: kula na kura, mahali na mahari. Asikilize kwanza aonyeshe kwa kidole ni lipi umesema, siku mbili au tatu, ndipo aseme yeye, ndipo aandike. Wazazi wengi huanzia imla na kukuta makosa kumi katika mistari minne. Huwezi kuandika tofauti ambayo sikio halijaisikia. Na kama wewe mwenyewe ulimi unateleza, usione haya, mtafutie msomaji mwingine wa jozi hizo au tumia taarifa ya habari redioni.

B na d: zisifundishwe wiki moja. Fundisha b mpaka izoeleke, hata wiki tatu, ndipo d. B ni fimbo kwanza kisha tumbo, d ni tumbo kwanza kisha fimbo. Aziandike kubwa kwa kidole kwenye mchanga, mkono mzima utembee. Ufukweni mchanga ni bure, kwa hiyo plaiwudi iliyopakwa rangi ya ubao mimi singeinunua.

Herufi mwambatano, yaani ch, sh, ny, mb, nd, mw, kw na wenzake, zije moja moja, kila moja na maneno yake manne au matano. Usimpe mbwa wiki ya kwanza kwa kuwa ni neno fupi. Mbwa ni gumu kuliko malimao. Urefu wa neno si ugumu wake.

Mtoto wa Ujiji anayekwenda madrasa ana faida na mtego. Faida ni kwamba kuunganisha konsonanti na irabu anakujua tayari, ameshaimba ba, bi, bu. Mtego ni kwamba e na o hazimo katika irabu fupi za huko, hivyo huchanganya e na i, o na u, na pengine hufungua daftari kwa nyuma na kuanza mstari kulia. Mwekee nukta nyekundu upande wa kushoto wa kila mstari kwa wiki mbili. Usimcheke wala usimwambie kwamba kule wanamchanganya, maana hawamchanganyi.

Hesabu

Mwambie mtoto aandike kumi na tano. Ataandika 105. Ishirini na tatu: 203. Mzazi hukasirika, lakini sikiliza lugha yenyewe: kumi, na, tano. Ameandika alichosikia. Kata kadi kutoka kwenye boksi gumu: kadi pana za 10, 20, 30 mpaka 90, na kadi nyembamba za 1 hadi 9, nusu ya upana wa zile za kwanza. Kumi na tano ni kuweka kadi ya 5 juu ya sifuri ya 10. Sifuri imefunikwa, haijapotea. Dakika tano kila siku kwa wiki mbili kosa linaisha.

Kutoa kwa kukopa nako kuna kosa lake maalumu. 52 toa 27, mtoto anaandika 35, kwa sababu 2 toa 7 haiwezekani akageuza akafanya 7 toa 2. Kumrudishia maneno "kopa kwa jirani" hakusaidii kama hajui jirani ana nini. Kusanya vijiti 100, funga kumi kumi kwa uzi. Mbele yake weka mafungu matano na vijiti viwili. Atoe saba. Haviwezi kutoka mpaka afungue fungu moja. Afungue kwa mikono yake, awe na mafungu manne na vijiti kumi na viwili, atoe saba, kisha mafungu mawili. Vinabaki 25. Afanye hivyo mara kumi na tano hivi bila kuandika kitu, ndipo uanze kuandika sambamba na vijiti, mwisho uondoe vijiti. Wengi huviondoa siku ya pili.

Vizibo vya soda, mise (kokwa za michikichi) na mawe ya ziwani vinatosha kwa mengine yote. Kugawanya, tumia dumu la mawese la lita 20 na chupa za nusu lita: zinajaa chupa ngapi? Saa ni mtihani wa pekee: simu inaonyesha 08:00 nawe umemwambia ni saa mbili. Mweleze wazi kwamba kuna hesabu mbili za saa zilizopishana sita, aandike zote mbili mbele ya kila kazi ya siku. Usisubiri agundue mwenyewe.

Wakiwa wawili, watatu

Kufundisha wote kwa pamoja hakuwezekani, na kuwafundisha mmoja mmoja huku wengine wakisubiri ni kuita fujo. Anza na mdogo kabisa, dakika 15 zote zake, akiwa amekula. Mtoto mdogo aliyeshiba macho ya mama huondoka mwenyewe kwenda kucheza. Ukimwanza mkubwa, mdogo ataharibu somo la kila mtu. Wakati huo mkubwa ana kazi ya kimya aliyopewa jana jioni, si leo asubuhi: kunakili mistari mitano, hesabu sita anazozijua, kusoma kurasa mbili. Kazi ya kimya isiwe na jambo jipya hata moja, la sivyo atakuita kila dakika. Kisha zamu yake. Kazi za pamoja zibaki zile zisizohitaji umri: kusomewa hadithi, ramani ya ziwa, kupanda mbegu.

Vifaa visikufilisi. Kwa mtoto mmoja: madaftari mawili ya mistari na moja la hesabu, penseli sita, kichongeo, ufutio, boksi la kukata kadi. Vitabu vya kiada vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Angalia tu usichanganye: mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, hivyo kitabu cha zamani cha mitumba kinaweza kuwa kizuri lakini kisifuate mpangilio wa sasa. Kitumie kwa mazoezi, kisikuongoze.

Kuna siku tatizo si somo. Anayesogeza kitabu karibu na pua, anayekunja macho akitazama mbali, anayeuliza "eeh?" kila mara au mwenye sikio linalotoa usaha, huyo apelekwe kupimwa macho na masikio kabla hujaongeza zoezi. Aliyekuwa mchangamfu akawa anasinzia siku mbili tatu mfululizo, kwetu huku kapime malaria kwanza.

Na wewe je? Hasira haiji ghafla, ina dalili: unarudia swali lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Hapo weka kanuni: kosa la aina moja likijirudia mara tatu, funga ukurasa. Rudi kwenye kitu anachokijua, kimoja, akifanye sawa, mwisho wa somo. Lililomshinda leo mletee kesho kwa njia nyingine. Shangazi au jirani akiuliza mbona watoto hawa hawaendi shule, maelezo marefu hayamridhishi. Mwite mtoto amsomee mistari mitatu.

Jioni, kabla ya kulala, andika mistari mitatu katika daftari lako mwenyewe: tulifanya nini, alikwama wapi hasa, kesho tunaanzia wapi. "Alikwama kusoma" hakusaidii. "Anasoma muti badala ya mti" kunasaidia, kwa sababu kesho unajua utapiga makofi mangapi. Daftari hilo hilo ndilo utakalomwonyesha Afisa Elimu akiuliza mnafanya nini.

Wiki ya sita, andika maneno haya kwenye kadi, kila moja yake, umsomeshe siku ambayo hana haraka: lima, simu, kuku, bata, dada, mti, mtoto, nchi, nyanya, chungu, shoka, ndoo, mbuzi, ngoma, ng'ombe, kula, kura, mwanga, kwao, mbwa. Aliyeanza bila kujua hata a akisoma matano ya kwanza, yuko sawa kabisa. Kadi alizokosa zipange kwa aina ya kosa, chukua rundo moja tu, lile lenye kadi nyingi, na hilo ndilo somo la wiki ya saba. Mengine yarudishe kwenye boksi.